Beringi Moja, Majina Matatu

Mwaka 1989 niliajiriwa kuwa karani wa stoo katika duka la jumla la vipuri vya magari, Gerezani, Dar es Salaam. Kila kipuri kilikuwa na kadi yake kwenye rafu: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Kadi ile haikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulianzia ofisini, maana mhasibu alikuwa na leja yake, keshia alikuwa na kitabu chake cha stakabadhi, na mzee mwenye duka alikuwa na kidaftari cha mfukoni chenye majina ya wote waliochukua mali kauli. Mwisho wa mwaka, tulipofunga milango kuhesabu mali, kila daftari lilitoa jibu lake, na kila mwenye daftari aliapa kuwa lake ndilo la kweli.

Kompyuta ilifika kwetu katikati ya miaka ya 1990. Wazee waliowahi kufanya kazi serikalini walikuwa wakitusimulia jinsi mwaka 1974 serikali ilivyopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa hiyo wengi wa rika langu tuliiona kama kitu cha benki na cha wizara. Yetu ilipewa chumba chenye kiyoyozi wakati mzee mwenyewe anapepewa na feni. Mimi nikapewa kazi ya kuingiza kadi zote kwenye dBase, programu ya kanzidata. Nilidhani ni kazi ya kunakili tu.

Ikanisimamisha beringi moja, namba 6204. Kwenye rafu ya mbele kadi yake imeandikwa "6204". Rafu ya nyuma kuna "beringi ya raba". Kule juu, kwenye boksi lililojaa vumbi, kuna "beringi ya mota". Anayezijua beringi anajua kuwa tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu: 04 ni milimita 20. Zote tatu zilikuwa na kipenyo hicho. Lakini nyingine zilizibwa kwa raba, nyingine kwa bati. Je, ni bidhaa moja au mbili? Mhasibu alisema moja, kwa sababu bei ni ileile. Muuzaji akasema mteja wa mashine ya kusaga, anayefanya kazi katikati ya vumbi, hawezi kupokea ya bati hata umpunguzie. Mchana mzima ulikwenda kwa beringi hiyo. Muuzaji akashinda, na nadhani alistahili, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akikabiliana na mteja.

Ndipo nilipoijua kazi itakayonilisha maisha yangu yote. Kanzidata haijui mali. Inajua tu kile ambacho watu wa biashara wamekaa wakakubaliana, kisha inawabana wote wakifuate, hata siku wasiyotaka.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa namba za bidhaa. Mzee alitaka namba ieleze kila kitu: rafu, msambazaji, aina ya gari. Kijana aliyetutengenezea programu alitaka namba tupu, isiyo na maana yoyote.

"Mwanangu, namba isiyosema kitu ni ya nini?" mzee akamwuliza.

"Mzee, shikamoo yako naiheshimu, lakini rafu zitahama. Zikihama, namba itakuwa inasema uongo."

Mzee alikubali kwa shingo upande. Haukupita muda tukakodi stoo ya pili, rafu zikahama kweli, na namba hazikuguswa. Rafu ikawa taarifa inayobadilishwa mahali pake, na bidhaa ikabaki na utambulisho wake.

Kodi ya Ongezeko la Thamani ilipoanza Julai 1998, dBase yetu ikaelemewa. Kila faili lilikuwa likijitegemea, na anwani ya mteja ilirudiwa kwenye kila ankara. Mteja wetu mmoja wa Morogoro alihama mtaa, na barua za kumdai zikaendelea kwenda kule alikotoka. Tukahamia kwenye kanzidata ya majedwali yanayohusiana. Kwenye kozi ya kujifunza mfumo huo nikamjua Edgar Codd, Mwingereza aliyerusha ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambaye mwaka 1970, akiwa IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyogeuza kazi hii juu chini. Kabla yake, aliyetaka taarifa kwenye kompyuta ilimbidi ajue zimelazwa wapi na zinafikiwa kwa njia gani. Codd alipendekeza zikae kwenye majedwali, mtu aseme anachotaka, njia itafutwe na mashine. Wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatunga lugha ya kuulizia, ambayo leo ni SQL.

Kwa hiyo mteja akawa na mstari mmoja kwenye jedwali la wateja, na ankara zikabeba namba yake tu. Akihama, tunasahihisha mahali pamoja. Tulipokuwa tukiwahamisha wateja ndipo tulipogundua kuwa yule mtu wa Morogoro alikuwa ameandikwa mara tatu: kwa jina lake, kwa jina la duka lake, na kwa jina la "Baba Fulani" ambalo wauzaji walimzoea nalo. Kila jina lilikuwa na kikomo chake cha mkopo, naye alivifikia vyote vitatu. Namba ya mlipakodi ndiyo iliyomuunganisha. Alicheka sana tulipomwonyesha, akalipa pole pole.

Watu huniuliza ni nini hasa kanzidata inafanya ambacho karatasi ya hesabu ya kompyuta haiwezi. Huwa nawapeleka mwaka 2006, wakati ukame ulipolikausha bwawa la Mtera na umeme ukawa wa mgawo. Mauzo ya mali kauli yana maandishi matatu: bidhaa ipungue stoo, deni la mteja liongezeke, ankara iandikwe. Umeme ukikatika baada ya la kwanza, umepoteza mali na hakuna anayedaiwa. Kanzidata nzuri huyafunga yote matatu kuwa muamala mmoja: yatimie yote au lisitimie hata moja. Kwanza huandika kwenye kumbukumbu yake kile inachokusudia kufanya, na umeme ukirudi huisoma kumbukumbu hiyo, ikamalizia yaliyokwisha thibitishwa na kuyafuta yaliyokatikia njiani. Mmarekani Jim Gray ndiye aliyeichambua kazi hii kwa kina, akapewa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Januari 2007 alitoka na mashua yake San Francisco, hakuonekana tena. Sisi huku Gerezani tulikuwa tukila matunda ya kazi yake kila jenereta lilipochelewa kuwaka.

Jambo lililonipa maadui ni kufuta. "Dada, nifutie hii ankara, nimekosea." Nilikataa, na mzee akaniunga mkono. Ankara haifutwi. Inaandikwa nyingine ya kuibatilisha, ikiwa na jina la aliyebatilisha na saa yake. Wahasibu walikuwa wakifanya hivyo kwa kalamu karne nyingi kabla ya kompyuta. Waliolalamika sana walikuwa wachache, na walikuwa walewale waliozoea kuuza baada ya keshia kwenda nyumbani.

Lakini ripoti ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa fupi: orodha ya vipuri ambavyo havijauzwa kwa miaka miwili, pamoja na thamani yake. Ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa wa Peugeot 504, gari lililotawala barabara zetu enzi hizo, kabla magari ya mitumba ya Kijapani hayajafurika. Pistoni, gasketi, pampu za maji. Mzee alikuwa akisema siku zote, "Hivyo vitauzika tu." Safari hii alizisoma kurasa zote kimya, akavua miwani, akaagiza viuzwe kwa mafundi wa mikoani kwa bei ya kutupa. Fedha ile ilinunua filta na brekipedi za Corolla. Mashine haikujua kuwa zama za Peugeot zimekwisha. Ilikuwa na tarehe ya mwisho ya mauzo ya kila kipuri, na hiyo ilitosha kwa mtu aliye tayari kuitazama.

M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, tulipata wizi wa aina mpya: mteja anaonyesha ujumbe wa malipo ya wiki iliyopita. Tukaiamuru kanzidata isiipokee namba ileile ya muamala mara mbili. Wizi huo ukaisha, na hakuna aliyehitaji kugombana na mtu.

Sasa nimestaafu, ila wenye maduka bado wananiita. Wengi huniita baada ya kulipa, mfumo ukiwa umejaa bidhaa zenye majina matatu matatu. Niite kabla. Mkalishe mtunza stoo, keshia, muuzaji na mhasibu meza moja, mkubaliane majina ya bidhaa na nani anaruhusiwa kuandika nini. Kisha mwulize anayekuuzia programu maswali mawili: bekapu ilijaribiwa kurejeshwa lini, na tukiachana nitatokaje na orodha yangu ya mali, wateja na madeni? Akianza kuzungukazunguka, chukua mkoba wako uondoke.