Amana ya Kiumbe Aliyefungiwa



Najua kwamba neno nyoka halipendezi masikioni mwa watu wa nyumbani. Wengi wetu tumelelewa kwa kuambiwa: ukimwona, shika fimbo. Nami sikukaa kuandika ili nikushawishi umpende, wala umfuge. Lakini wako watu katika miji yetu wanaomfuga, na palipo na mnyama aliyefungiwa pana wajibu juu ya aliyemfungia, apendwe mnyama huyo au asipendwe. Hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame, kwa sababu ya jambo lililotokea jirani yangu.

Hapa kwetu Mbezi Beach, upande wa Kinondoni, wazee wanakumbuka minazi, mikorosho na mashamba baina ya barabara ya Bagamoyo na bahari. Leo ni nyumba na kuta. Nyuma ya ukuta mmojawapo, si mbali na Tangi Bovu, anakaa kijana mcheza ngoma. Asili yake ni Usukuma, ambako Bayeye, mabingwa wa kukamata nyoka na kuwatibu walioumwa, ni chama cha siku nyingi, na ambako ngoma ya kucheza na chatu ni sifa ya kabila, yaani ile inayoonyeshwa hata kwenye makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza. Vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam vimeichukua ngoma hiyo, na watu hulipa kuitazama. Kikundi cha kijana huyu kilikuwa na kibali cha chatu mmoja, urefu wake kupita kimo cha mtu, naye ndiye aliyekabidhiwa kumtunza. Alimweka uani katika sanduku la mbao.

Ikawa yule chatu hataki kutoka katika karai lake la maji. Alilala humo mchana na usiku, na chakula akakikataa. Kijana alidhani ni joto la Januari. Mama yake alidhani ni jini. Jirani wa tatu alisema ni hasidi wa kikundi amefanya jambo. Na katika nyumba ile watoto wawili walikuwa na vipele vidogo vya kuwasha mikononi, basi maneno yakazidi.

Nilipoitwa nitazame, kwa kuwa nimefuga kuku miaka mingi, sikuangalia nyoka kwanza, niliangalia maji. Chini ya karai palikuwa na vidoa vyeusi mfano wa mbegu za mchicha. Nikachukua kitambaa cheupe, kijana akampitisha chatu ndani yake polepole, na kitambaa kikatoka na vidoa hivyo hivyo, vingine vikitambaa. Juu ya magamba palikuwa na vumbi jeupe kama majivu, nacho ni kinyesi chao. Kandokando ya macho na chini ya kidevu walikuwa wamejipanga. Walikuwa utitiri. Si ule wa kuku, bali ni jamaa yake, anayeishi kwa damu ya nyoka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na nyoka nguo yake ni gamba, na adui yake alikuwa chini ya gamba.

Sasa zingatia hapa, msomaji, maana ndipo penye mafunzo. Nyoka wa porini pia huwa na utitiri, lakini ni mara chache umdhuru sana. Yeye hutembea. Leo analala hapa, kesho kule, huingia mtoni, hujivua gamba akaliacha pamoja na wageni wake akaenda zake. Na utitiri hautagi juu ya nyoka. Jike hushuka akataga ufani na gizani, mayai 60 hadi 80 katika uhai wake. Porini watoto wakianguliwa hukuta mwenyeji ameshahama, wakafa kwa njaa. Ndani ya sanduku je? Watoto wakianguliwa humkuta palepale. Katika joto kama letu la pwani, kutoka yai hadi mzazi mpya ni wiki mbili hivi au tatu. Hesabu mwenyewe miezi mitatu ya sanduku lisilosafishwa. Kwa hiyo chatu yule hakurogwa. Alikuwa akijitibu kwa dawa pekee aliyobakiwa nayo, nayo ni maji, akiwazamisha wanaomnyonya. Lakini hawezi kuzamisha kichwa chake daima, na wao wakakimbilia huko.

Kijana alikuwa amekwisha nunua chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, na mwenzake amemshauri mafuta ya taa. Nilimwomba aviweke vyote mbali. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Na dawa iliyopimwa kwa ng'ombe wa kilo 300, ikimiminwa kwa kukisia juu ya nyoka wa kilo chache, aliyefungiwa avute mvuke wake usiku kucha, haiui utitiri peke yake.

Tulimwita daktari wa mifugo, na yaliyofanyika nayaeleza, huenda yakamfaa mtu.

Kwanza, chatu alitengwa, na aliyemshika alinawa na kubadili nguo kabla ya kushika mnyama mwingine wa jinsi yake. Pili, aliogeshwa katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, kichwa kikiwa nje, na mtu amekaa pale asiondoke. Kichwa kilipanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ya kula kidogo, kwa uangalifu pua isizibwe, kwani mafuta huwaziba pumzi wadudu wale. Tatu, matandiko yote na lile sanduku vilichomwa moto. Mbao zina nyufa, na kila ufa ni nyumba ya mayai. Badala yake likaja pipa pana la plastiki lenye matundu ya hewa, likaoshwa kwa maji yanayochemka kabla ya kutumiwa, na chini yakatandikwa magazeti tu, yabadilishwe kila siku, ili mdudu akibaki aonekane.

Nne, daktari alimpima uzito, ndipo akatoa dawa. Alitueleza kwamba iko dawa mashuhuri ya minyoo na kupe, iitwayo ivamektini, ambayo nyoka huweza kupewa kwa kipimo, lakini kobe akipewa hufa. Basi usijifanye tabibu kwa sababu umeona chupa dukani. Tano, na hili ndilo wengi hulikosa, kazi ilirudiwa tena na tena kwa wiki sita. Dawa huua wanaotembea, mayai husalia. Anayeacha siku ya kumi kwa kuwa haoni kitu, amewapa walio ndani ya mayai nafasi ya kuanza upya.

Vipele vya watoto navyo vilikwisha nyumba iliposafishwa, kwa kuwa utitiri huu ukijaa sana hutoka usiku ukatambaa, na humuuma mtu pia.

Huenda utaniuliza: taabu yote hii kwa nyoka, ambaye mwenye kudhuru ameruhusiwa kuuawa? Nakujibu kwamba ruhusa ya kuua mwenye madhara si ruhusa ya kutesa. Dini yetu imeamrisha wema hata kwa mnyama anayechinjwa. Na kila mtoto wa chuoni anaijua habari ya mwanamke aliyeangamia kwa sababu ya paka. Tuitazame vizuri habari ile. Kosa lake halikuwa kutompenda paka. Kosa ni kwamba alimzuilia, kisha asimtimizie kile alichomzuilia asijitafutie. Paka wa barabarani akifa njaa, hakuna aliyeshika ufunguo. Wa ndani ya chumba, ufunguo uko mkononi mwa mtu.

Ndivyo ilivyo kwa chatu na sanduku. Aliyemnyima mto, amedaiwa maji. Aliyemnyima kuhama, amedaiwa kumhamishia usafi. Na hukumu hii haimhusu mwenye nyoka peke yake. Nenda sasa ukatazame banda lako la kuku, na tundu la njiwa, na kamba ya mbuzi wako ilivyomkaba shingo. Tazama pia yule kasuku aliyening'inizwa barazani kwa ajili ya pambo.

Yule chatu alikula mwishoni mwa wiki ya saba. Kijana alifurahi, kisha akaniuliza swali lililonipendeza kuliko furaha yake: "Mzee, kikundi kikisafiri mwezi mzima, nani atambadilishia magazeti?" Sikumjibu. Alikwenda mwenyewe kwa wenzake, wakakaa, wakakubaliana kumrudisha kwa wahusika wa wanyamapori, kwani chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 mnyama wa porini ni mali ya umma, hafugwi bila kibali wala haachiliwi ovyo kichakani, asije akapeleka maradhi ya sandukuni kwa wenziwe walio huru. Ngoma yao sasa wanaicheza kwa chatu wa kitambaa. Kijana ananiambia malipo yamepungua kidogo, na usingizi umeongezeka.

Basi, ndugu yangu, kabla hujafunga mlango wa tundu lolote, jiulize kama una muda wa kufanya zile kazi ambazo kiumbe yule angejifanyia mwenyewe. Ukiwa nao, funga na utunze. Kama huna, mwache aende zake, naye Mola wake atamruzuku.