Kutoka Wawi hadi Ng'ambo

Msafiri ashukaye bandari ya Mkoani huvipanda vilima vya mikarafuu hadi Chake Chake. Kando ya mji, huko Wawi, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambamo huchunguzwa kichocho na minyoo.

Binti mmoja wa mtaani kwetu anaomba ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioasisiwa 1959, akasome uzamili Uingereza. Mwombaji hutakiwa aeleze elimu yake itainufaishaje nchi yake, kisha arejee. Aliniletea maelezo yake niyapitie, mimi katibu wa msikiti. Yalijaa sifa zake, na wafadhili, nadhani, wamekwisha kuzisoma nyingi. Nikamwuliza: kichocho cha mto upi? Akautaja mto waogao wadogo zake. Akaanza kuandika upya.

Mama yake bado hajaridhia.