Kaye mbili za siku ya posho



Wengi wenu mmetuuliza habari ya masomo tunayofanya na watoto wa msingi kila siku ya posho asubuhi. Leo tunawaeleza, na tunaanza na kosa letu wenyewe, kwa sababu kidogo tu limwondoe mtoto mmoja shuleni.

Tuko wamama wanne. Wawili tulifundisha shule zamani, mmoja ni mshonaji, mmoja anauza unga pale Kadutu. Watoto hufika kama thelathini, wa mwaka wa kwanza mpaka wa nne. Tangu masomo ya msingi yalipofanywa ya bure, mwezi wa 9 mwaka 2019, watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia shuleni, na tulifurahi. Lakini madarasa yamejaa sana, na mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Basi wanakuja kwetu wamechanganyika: huyu ni wa mwaka wa nne na hajui herufi, yule ni wa mwaka wa kwanza na tayari anasoma maandishi ya kwenye mfuko wa sabuni.

Mwanzoni tuliwafundisha vile tulivyofundishwa sisi, kwa majina ya herufi ya Kifaransa. Tuliandika neno mama, tukaimba: em, a, em, a. Halafu tukamwambia mtoto, soma. Akasoma: “Emaema.” Watu wakacheka, na sisi pia tulicheka, Mungu atusamehe. Mtoto hakuwa amekosa. Alisoma kile tulichomwekea mdomoni. Jina la herufi si sauti yake.

Tukaacha majina. Tukafundisha m kwa midomo iliyofungwa, mmm, kama mtu anayeonja sombe kwenye mwiko. Kisha a. Kisha zote pamoja, ma. Halafu ma, me, mi, mo, mu, na ndivyo hivyo kwa b, t, k. Lugha yetu ni ya huruma kwa jambo hili: a, e, i, o, u zinabaki na sauti yake popote zinapokaa. Mtoto akizishika tano hizo, nusu ya mzigo imeshuka.

Sasa habari ya kaye mbili. Siku moja tulisoma sentensi hii kwa sauti, watoto waandike: Mtoto wa mtu huyu hana kitabu. Msichana mmoja wa miaka kumi, aliyekuwa anarudilia mwaka wa pili, aliandika: Mutoto wa mutu uyu ana kitabu. Tukampigia mistari minne ya kalamu nyekundu. Mvulana aliyekaa karibu na mwanafunzi hodari alituletea sentensi safi, herufi zimenyooka kama mimea ya bustani. Tukampigia makofi.

Mama wa yule msichana, anayeuza sambaza, aliona ile kaye. Akatuambia, “Huyu mutoto masomo inamushinda. Afazali anisaidie kubeba beseni.” Na sisi, walimu, tukanyamaza. Mmoja wetu hata alisema labda ni vizuri.

Ni mshonaji wetu aliyetuamsha, yeye ambaye hajawahi kusimama mbele ya ubao. Tulipokuwa tunakusanya viti aliuliza: “Lakini sisi wenyewe tunasema je? Hatusemi mutoto? Hatusemi uyu?” Tukatazamana. Kila mmoja wetu husema hivyo kutwa nzima. Msichana alikuwa ameandika sawasawa kile masikio yake yalisikia, sauti kwa sauti, bila kuacha hata moja.

Juma lililofuata tuliwaita wote wawili, kila mmoja peke yake, tukawasomea maneno yasiyo na maana, tuliyoyatunga njiani: tamila, bosuke, lindopa. Hayo huwezi kuyachungulia kwa jirani, wala kuyakumbuka kutoka ubaoni. Msichana aliandika yote matatu, hata lile lenye nd. Mvulana aliandika t, akasimama, akatazama pembeni kutafuta kaye ya mwenzake. Kumbe alikuwa anachora maneno kama mtu anavyochora nyumba. Kaye isiyo na wekundu ndiyo ilikuwa ya mtoto asiyejua kusoma, na hakuna aliyemuuliza kitu kwa sababu maandishi yake yalikuwa mazuri.

Tulipanda mlima mpaka nyumbani kwa yule mama kumwomba radhi. Alitusikiliza beseni likiwa magotini, akichambua sambaza. Akauliza, “Basi ni akili ao ni masikio?” Tukamjibu kwamba ni sisi.

Tangu hapo hatuwapangi kwa mwaka wa darasa, tunawapanga kwa kile sikio linaweza. Wa kwanza wanacheza na vifuniko vya chupa vilivyoandikwa herufi, wakitafuta sauti moja moja. Wa pili wanaunganisha, na hapo mb, nd na nj zinachukua muda mrefu. Wa tatu wanaandika sentensi. Kijana mkubwa huona haya kukaa na wadogo, basi tunampa kazi ya kuita sauti ili wenzake watafute kifuniko. Anajifunza huku akiwa mkubwa. Yule mvulana ndiye anayeita siku hizi.

Kosa la sikio na kosa la desturi ya maandishi tunayatibu tofauti. Anayeandika mutu tunamwambia kwanza, umesikia vizuri. Halafu tunamwonyesha kwamba vitabuni huandikwa mtu, mti, mkono. (Atauliza kwa nini basi muda na mume vinabaki na u. Hayo hushikwa kwa macho, pole pole.) Kwa h, mtoto anaweka kiganja mbele ya mdomo. Akisema hana, pumzi inagusa mkono. Akisema ana, haigusi. Na hapo si mchezo: kwa herufi moja tu, mtoto asiye na kitabu amekuwa na kitabu.

Kuna mmoja tulidhani ni mkaidi, kumbe sikio lilikuwa linatoa usaha. Mama yake alimpeleka kituo cha afya, na sasa anakaa mbele anapoona midomo yetu. Kabla ya kumwita mtoto mzito, tazameni masikio yake.

Kifaransa nacho kina mitego yake. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia, lakini Kifaransa kinamngoja mtoto mbele, na pale u si u yetu tena, na ch inakuwa sh. Kuna aliyesoma chakula akasema “shakula.” Sisi tunaandika Kiswahili kwa chaki nyeupe na Kifaransa kwa chaki ya manjano, ili mtoto ajue yuko nyumba gani kabla ya kufungua mdomo.

Msichana wetu alipita mwaka. Siku hizi ndiye anayeandika madeni ya mama yake katika kaye ndogo: nani amechukua sambaza, vikombe vingapi, atalipa siku gani. Mama fulani alibisha deni lake, akasomewa ukurasa wake mbele ya watu. Jina lake lilikuwa limekosewa herufi moja. Akalipa.

Siku ya posho ijayo tunaanza saa mbili asubuhi. Vifuniko vya chupa vinatupungukia, hasa kwa a na k. Mwenye navyo atuletee, na mwenye nafasi ya saa moja tu aje akae na kikundi cha kwanza, hata kama hakusoma mbali.