Kasula Nyekundu Iliyopauka

Katika chumba chetu cha mapumziko kuna runinga moja ya zamani na kompyuta ya mezani tuliyoachiwa na ofisi ilipopata mpya. Sisi mafrateri watatu tunaoitunza tuliifanya seva: tuliweka programu huria ya Jellyfin ili filamu za watakatifu na video za maadhimisho yetu zikae mahali pamoja, na kila mmoja aziangalie bila kununua bando.

Mwezi wa nane alifariki padre mlezi wetu wa kiroho. Misa yake ya mwisho kanisani kwetu ilikuwa ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, na frateri wa mwaka wa kwanza aliirekodi yote kwa iPhone ya kuazima. Padre Gombera akatuagiza tuionyeshe siku ya arobaini, ndugu wa marehemu watakapokuja. Dada yake mkubwa, bibi mzee sana, hakuwa amemwona tangu Krismasi.

Tulipoijaribu siku tatu kabla, kasula nyekundu ilitoka kama tofali lililopigwa jua. Uso wa padre ulikuwa wa majivu. Juu ya hayo picha ilikuwa inakwamakwama.

Tulichofanya kwanza tunakiandika kwa aibu. Tulimlaumu mpiga picha, tena mezani mbele ya wenzake: “Frateri, hukuangalia mwanga?” Akajibu kwamba kwenye simu ilionekana vizuri. Hatukumwomba tuone. Na kwa kuwa faili lilizidi gigabaiti 8 na diski imejaa, mmoja wetu alitaka tubaki na nakala ndogo iliyotolewa na seva, faili la asili lifutwe. Kengele ya Masifu ya Jioni ndiyo iliyoliokoa.

Kesho yake yule frateri alikuja mwenyewe na simu mkononi. Wekundu ulikuwa wekundu kweli.

Kumbe simu ilikuwa imerekodi kwa HDR, yaani picha inayobeba tofauti kubwa ya giza na mwanga kuliko runinga za kawaida. Kila rangi ya msingi huhifadhiwa kwa biti 10, ngazi 1,024, wakati video ya kawaida ina biti 8, ngazi 256. Uwanja wake wa rangi, BT.2020, ni mpana kuliko BT.709 unaojulikana na runinga yetu. Namba inayomaanisha wekundu mkali katika uwanja mpana, ikisomwa kwa kipimo cha uwanja mdogo, inatoka wekundu uliopauka. Seva yetu ilikuwa inapunguza ukubwa wa video tu bila kutafsiri mwanga wala rangi, kwa sababu kisanduku cha kazi hiyo kwenye mipangilio hatukuwa tumekiwekea alama.

Mtakatifu Thomas anafundisha kwamba kinachopokelewa hupokelewa kwa namna ya mpokeaji. Swali hilo tulilijibu vizuri kwenye mtihani wa metafizikia. Mbele ya runinga hakuna aliyelikumbuka.

Tukaweka alama. Rangi zikarudi, ila sasa video ikawa inatambaa: fremu 7 kwa sekunde, wakati zinatakiwa 30. Tulisoma faili la kumbukumbu za seva mstari kwa mstari mpaka tukaelewa. Prosesa yetu ni Intel ya kizazi cha sita. Sehemu yake ya video inafungua HEVC ya biti 8. Ile ya biti 10 iliingia kamili katika kizazi cha saba. Kwa hiyo mzigo wote ulikuwa umeangukia prosesa kuu, nayo imezeeka.

Hapo tukaacha kushindana na mashine. Kama haiwezi kutafsiri watu wakiwa wanatazama, itafsiri usiku. Tulitumia FFmpeg, kwanza kwa kipande cha dakika moja. Kanuni ya kubana mwanga iitwayo hable ilitufifishia uso wa padre ukawa giza. Mobius iliuacha ulivyo. Misa nzima ni dakika 50, fremu 90,000, yaani zaidi ya saa tatu na nusu kwa mwendo ule. Tuliianzisha baada ya Kompleta, tukaenda kulala tukiomba umeme usikatike. Asubuhi nakala ilikuwa tayari. Faili la asili tulilihamishia kwenye diski ya nje.

Yule frateri tulimwomba msamaha jikoni, tukiosha vyombo. Kisha, kwa kuwa tulimlaumu mezani, tukarudia mezani. Hilo la pili lilikuwa gumu zaidi.

Siku ya arobaini bibi alikaa kiti cha mbele kabisa. Alituomba turudishe nyuma mara mbili, pale padre anapofuta miwani kwa ncha ya alba kabla ya kusoma Injili. Rimoti alikuwa ameishika frateri wa mwaka wa kwanza.