Pembe za Mfereji

Somo la pembe ni kati ya yale ambayo wengi huyaacha shuleni siku wanapomaliza. Kwetu Upareni, ndugu msomaji, halimwachi mtu. Mwenye shamba la mteremko akining'iniza timazi tayari anazo pembe mbili: ya mteremko na usawa wa maji, na ya mteremko na uzi wa timazi. Jumla yake daima ni nyuzi 90. Mlima ukizidi kusimama, ya kwanza hukua na ya pili hupungua. Na ukishuka Same, pale barabara inapoikata reli itokayo Tanga, vyuma vyote viwili vimekatwa kwa pembe ileile kwa kuwa ni sambamba.

Lakini jozi zilizotugusa sisi zilikuwa nyuma ya nyumba. Njia ya miguu ilikatana na mfereji uletao maji kutoka kwenye ndiva, bwawa letu la kienyeji la umwagiliaji. Mashamba manne yalikutana hapo. Kona yetu ilikuwa nyuzi 70, ya jirani wa ng'ambo ya njia 110, maana pembe mbili zikikaa bega kwa bega juu ya mstari mmoja hujumlika 180.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliufukia mfereji. Ulipochimbwa upya ulikatana na njia palepale, ila ulilala upande. Likazuka neno. Baba mdogo alidai kwamba jirani wa ubavuni ameongezewa ardhi, na kwamba mzee mwenye kona inayotazamana na yetu amekula njama naye. Salamu zikakatika.

Nikaenda na kamba mbili na kipimapembe cha mtoto wa shule. Yetu 62, ya jirani 118. Ya yule mzee nayo 62! Euclid wa Alexandria aliliandika hilo yapata mwaka 300 kabla ya Kristo: mistari miwili ikikatana, pembe zinazotazamana ni sawa. Sababu ni nyepesi, kwamba kila moja hukamilisha 180 pamoja na pembe ileile iliyo kati yao. Pembe si ukubwa wa shamba, nakubali. Lakini kwenye kona ile mzee alipungukiwa nyuzi 8 kama sisi.

Nilimchorea baba mdogo mchangani. Alitazama kimya kwa muda mrefu. Shauri la jirani wa ubavuni alilipeleka hata hivyo kwa mwenyekiti wa kitongoji, ila kesho yake alfajiri alivuka mfereji na mkungu wa ndizi begani.