Kabla Hujashika Bisibisi

Mpwa wangu Rehema,



Nimesoma ujumbe wako kwamba kadi ya mtandao ya seva ya hospitali yenu inakatakata mawasiliano na wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuibadilisha. Nimefurahi umeniuliza kabla ya kuigusa.

Kwanza hakikisha kosa ni la kadi kweli. Badilisha kebo, kisha ichomeke kwenye tundu jingine la swichi. Tazama hesabu ya makosa kwa amri ya ethtool -S. Ukiona makosa ya CRC yanazidi kupanda, mara nyingi mbovu ni kebo au kiunganishi, nawe utaing'oa kadi nzima bure.

Ikiwa ni kadi, kuichomoa na kuweka nyingine si kazi ndefu. Zima seva na uchomoe waya zote za umeme, maana nyingi zina mbili, na seva iliyozimwa huendelea kupokea umeme kidogo kwenye ubao wake mkuu. Vaa mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli. Hayo unayajua.

Linalonifanya nikuandikie ni anwani. Kila kadi huja na anwani yake ya MAC, biti 48 zinazoandikwa kwa tarakimu 12 za heksadesimali, na kadi mpya italeta yake. Basi jiulize: ni nani anayeijua seva yenu kwa anwani ile ya zamani? Kama inapewa IP na DHCP kwa kuhifadhiwa, itapewa nyingine, na kompyuta za wodini zitaitafuta mahali isipokuwepo. Swichi iliyowekewa ulinzi wa tundu inaweza kulifunga ikiona mgeni. Ruta huweza kukumbuka anwani ya zamani kwa muda. Zipo hata programu ambazo leseni yake imefungwa kwenye MAC, nazo zitagoma kuwaka. Waulize wenye programu ya maabara mapema, si usiku wa kubadilisha kadi.

Halafu kuna jina la kadi ndani ya Linux. Mifumo mingi ya zamani ilihifadhi jina eth0 pamoja na MAC katika faili la 70-persistent-net.rules. Ukiweka kadi mpya, inaitwa eth1 huku usanidi ukiendelea kuisubiri eth0. Seva inawaka vizuri lakini haipatikani. Tangu 2013 systemd imeleta majina yanayofuata mahali kadi ilipochomekwa, kama enp3s0. Kadi ya aina ile ile katika tundu lile lile kwa kawaida hubaki na jina lake. Ukiihamisha tundu, jina hubadilika. Kwa hiyo kabla ya kuzima, nakili kwenye karatasi matokeo ya ip addr, ip route na lspci. Nasema karatasi kwa sababu faili lililomo ndani ya seva isiyo na mtandao hutalifungua ukiwa mezani kwako.

Wala usitegemee SSH usiku huo. Tafuta skrini na kibodi, au tumia tundu la usimamizi, iDRAC kwa seva za Dell na iLO kwa za HPE, na ujaribu nywila yake mchana. Mtandao ukirudi, iwashe seva upya mara moja zaidi ukiwa bado hapo, kwa sababu yale uliyorekebisha kwa amri bila kuyaandika kwenye faili la usanidi hupotea ikizimwa. Kadi ya zamani iandike lebo na uitunze hadi uwe na hakika na hii mpya.

Ukipata bajeti, omba kadi ya pili, kisha uziunganishe kwa bonding, moja ikifa nyingine ishike. Matundu mawili ya kadi moja hayatoshi, kwani kadi ikiharibika hufa yote.

Mwisho, mwanangu, watu. Zungumza na muuguzi wa zamu, maabara na duka la dawa, wapatie saa kamili ya kuanza na kumaliza, na fomu za karatasi ziwepo wodini. Ukiamriwa uifanye saa nne asubuhi wagonjwa wakiwa kwenye foleni, kataa kwa heshima, na useme ni mimi niliyekushauri.

Mjomba wako