Mji Ambako Jua Hupotea kwa Siku 65

Je, msomaji, ungeishi vipi mahali ambapo jua likitua leo, halichomozi tena hadi zipite siku 65? Mji wa aina hiyo upo. Unaitwa Utqiagvik, nao uko kaskazini kabisa mwa Alaska, Marekani. Zamani ukiitwa Barrow, na jina la asili lilirudishwa mwaka 2016. Jua huaga katikati ya Novemba, likarudi Januari inapokaribia kwisha. Wakazi wake ni kama 5,000, wengi wao Wainupiati. Barabara ya kutoka miji mingine haipo. Watu husafiri kwa ndege.

Wewe unayejikunyata katika baridi ya Julai, fahamu kwamba huko nyuzi 30 chini ya sufuri si jambo la ajabu.

Watazame wanyama kwanza. Dubu mweupe, ukimnyoa, utakuta ngozi nyeusi! Chini yake pana mafuta yanayoweza kufikia unene wa sentimita 10. Chakula chake kikuu ni sili, ambaye huishi majini lakini hupumua hewa kama mimi na wewe. Sili hukwaruza barafu kwa kucha ili tundu lake la kupumulia lisizibe. Dubu analijua hilo. Hujilaza kando ya tundu, kimya, akingoja pua itokeze.

Lakini bingwa wa yote ni nyangumi wa huko. Mafuta yake hufikia karibu nusu mita, huvunja barafu kwa kichwa, na huweza kuishi zaidi ya miaka 200. Mwaka 2007 wawindaji wa mji huo walimpasua mmoja wakakuta mfupani kipande cha silaha iliyotengenezwa mwishoni mwa karne ya 19. Alikuwa amepigwa, akapona, akaendelea na safari zake zaidi ya miaka 100.

Nyangumi huyo ndiye uhai wa Wainupiati. Anapopatikana, nyama hugawanywa mji mzima. Ngozi pamoja na mafuta huliwa mbichi (usikunje uso!), na humo ndimo wanamopata vitamini C, maana hakuna sukuma wiki inayoota pale.

Ardhi yenyewe imeganda mwaka mzima. Nyumba hujengwa juu ya nguzo, kwani joto la ndani likifika chini, ardhi huyeyuka na nyumba ikadidimia. Nyama nayo huwekwa katika ghala zilizochimbwa ardhini, majokofu yasiyotaka umeme wala fundi.

Sasa ghala hizo zinavuja. Dunia inapata joto, na huko kaskazini joto linapanda haraka kuliko kwingine. Baadhi zimejaa maji, nyama ikaoza. Bahari nayo huchelewa kuganda, kwa hivyo mawimbi ya dhoruba humega ufuo ambao zamani ulikingwa na barafu. Chakula cha dukani huja kwa ndege na bei yake haishikiki. Ndiyo maana katika nchi hiyo ya barafu, zipo familia zinazolazimika kuhifadhi nyama ya nyangumi katika friza za umeme.